Wiki Sita Bila Chumvi

Mgeni alikuwa analalamikia tumbili. Alikuwa mzee mrefu mwenye kaptura, shingo imeiva kwa jua, na sahani tupu ameinyanyua usawa wa macho yangu kama ushahidi. Tumbili alikuwa ameshuka kutoka kwenye mkwaju, akaketi juu ya meza yake ya kifungua kinywa, akachukua mkate na kipande cha papai, akaenda zake bila haraka. Mgeni alitaka kujua hoteli ingechukua hatua gani.

Hilo lilikuwa swali langu. Kwa miaka kumi na moja, kwenye meza ya mapokezi ya hoteli ile ya Diani, maswali yote ya namna hiyo yalikuwa yangu. Maji ya kuoga yakipoa, niliitwa mimi. Bahari ikileta mwani mbele ya vitanda vya wageni, niliitwa mimi. Nimewahi kuomba radhi kwa sababu ya mvua. Nimewahi kumwomba radhi mama mmoja kwa sababu maji yalikuwa yamekupwa saa aliyotaka kuogelea, na nikamwahidi kwamba jioni yangejaa, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na funguo za bahari.

Asubuhi hiyo nilifungua kinywa niseme, "Tunasikitika sana," na maneno hayakutoka. Nikajaribu tena. Tabasamu lilikuwepo, nililihisi limenikaza mashavu, lakini nyuma yake hapakuwa na sauti. Mgeni alirudia swali lake kwa nguvu zaidi, akidhani sisikii. Nikaweka kalamu mezani, nikageuka, nikapita mlango wa jikoni, nikapita kwa madobi, nikaingia stoo ya mashuka na kujifungia.

Nilikaa sakafuni katikati ya mataulo. Sikulia. Nilikuwa naitazama rafu iliyo mbele yangu, foronya zimepangwa kumi kumi, na nawaza kitu kimoja tu, kwamba nikitoka humo simu ya mezani kwangu italia. Nilikaa tangu saa tatu mpaka nikasikia adhana ya adhuhuri. Msimamizi wa vyumba alipofungua kwa ufunguo wake wa akiba, alinikuta nimekumbatia taulo kubwa la kuogea. Aliniita kwa cheo changu. Kisha akaniita kwa jina langu. Sikuitika kwa lolote kati ya hayo mawili.

Gari la hoteli lilinirudisha nyumbani kwangu Ukunda. Lilitokea lango la nyuma, lile la mboga na taka, ili wageni wasinione.

Daktari niliyepelekwa kwake siku ya pili alikuwa mtu wa bara, mchangamfu, mwenye haraka ya mtu anayejua foleni iliyoko nje. Aliniuliza kama nalala. Nikamwambia nalala.

"Na ukiamka unasikia umepumzika?"

Nilifikiri. Nilirudi nyuma mwezi mmoja, nikarudi mwaka. "Sikumbuki," nikasema.

"Madam, hii si malaria. Uko na sonona, na juu yake kazi imekumaliza. Nitakupea vidonge, na nitaandika barua upewe wiki sita. Usiniambie haiwezekani."

"Haiwezekani. Ni Desemba. Hoteli imejaa."

"Desemba itaisha hata bila wewe," akanijibu huku anaandika.

Alisema hivyo kwa wema, najua. Lakini sentensi ile ilinichoma kuliko ugonjwa wenyewe. Nilikuwa nimekosa Idi nne mfululizo nyumbani. Nilikuwa nimeachika, kwa sehemu, kwa sababu mume wangu alichoka kula peke yake. Vyote hivyo nilivitoa kwa sababu niliamini kwamba Desemba haiwezi kuisha bila mimi.

Meneja wa wafanyakazi aliipokea barua ya daktari kwa mikono miwili. Akanikaribisha kiti, akaniagizia chai. "Hapa sisi ni familia moja," akaniambia. Kisha akatoa karatasi mbili. Ya kwanza ilisema nimepewa wiki sita za mapumziko, mshahara kamili. Ya pili ilisema sitamweleza mfanyakazi mwenzangu yeyote aina ya ugonjwa wangu, kwa ajili ya kulinda heshima ya pande zote.

"Wenzako tutawaambia umeenda kumuuguza mama," alisema.

"Mama yangu mzima."

"Alhamdulillahi," akajibu yule meneja, ambaye si Mwislamu, na akanisogezea kalamu. Nikatia saini zote mbili. Chai sikuinywa.

Nikaenda Munje kwa mama yangu. Alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi. Niliweka mkoba wangu chini, nikamwamkia, akaitikia huku macho yake yako kwenye mkoba. Ulikuwa mkubwa kuliko wa siku mbili.

"Una n'ni mwanangu?"

"Nimechoka, mama."

"Umechoka, basi ingia ulale. Wapaswa kurudi lini?"

"Nimepewa wiki sita."

Mkono wake ukasimama juu ya kifuu. "Wamekufukuza."

"Hawakunifukuza. Mshahara unaingia kama kawaida."

"Nani amlipaye mtu alale?" aliniuliza, na hakuwa anafanya mzaha. Alitaka kujua kweli. Nilimweleza alivyosema daktari, kuhusu akili kuchoka kama mwili unavyochoka, kuhusu vidonge. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanishika paji la uso, akanitazama ndani ya macho kwa kuzivuta kope, akaniambia nitoe ulimi. Hakuona kitu.

"Hapana homa," akasema. Ilikuwa kama amenikamata na uongo.

Jioni ile jirani wa kwanza alipokuja kuuliza mbona mtoto wa hoteli yupo nyumbani msimu wa wageni, nilimsikia mama akijibu ukumbini, bila kusita, "Presha. Imempanda, daktari kasema akae asishtuliwe."

Sikumlaumu. Presha ni ugonjwa wenye heshima kwetu. Mtu mwenye presha huonewa huruma, hupunguziwa kelele, huletewa malimau. Mtu aliyejifungia na mataulo hana jina, na asiye na jina hupewa jina na watu. Mama alikuwa ananikinga. Lakini presha ina masharti yake, na toka siku ile kijiji kizima kikaniondolea chumvi.

Sijui kama mtu asiyekaa kijijini ataelewa. Mchuzi wangu ulipikwa kando, katika sufuria ndogo. Ng'onda, wale samaki wakavu wa chumvi, walipokaangwa, mimi nilipewa mchicha mtupu. Jirani aliponiletea muhogo wa nazi alianza kwa kusema, "Huu sikuutia chumvi, kula bila wasiwasi." Shangazi yangu alikuwa anaonja chakula changu kabla sijakila, kuhakikisha hakina ladha. Nilikuwa na ugonjwa ambao hakuna aliyeujua, na natibiwa ugonjwa ambao sikuwa nao, na kila mtu alikuwa mwema kwangu kupita kiasi. Ningeweza kusema. Mara mbili nilitaka kusema. Nikamtazama mama jinsi anavyosimulia vipimo vya presha yangu, juu ngapi na chini ngapi, nikameza uji.

Kwa siku nyingi nililala tu. Nilikuwa naamka, nasikia watu wanafagia, nasikia kuku, najigeuza. Kuoga kulinishinda. Ndoo ya maji ilikuwa imewekwa bafuni, sabuni ipo, kanga ipo, na mimi nimekaa kitandani naiwaza ile safari ya hatua ishirini kama mtu aliyeambiwa atembee mpaka Mackinnon Road. Mama alimleta maalimu akanisomea. Kusema kweli nilipenda. Alisoma kwa sauti ya chini, mkono wake haukunigusa, na kwa nusu saa nzima hakuna mtu aliyetaka nimjibu chochote.

Lakini uvumilivu wa mama ulikuwa unaisha. Nilimwona. Alikuwa anapita na jembe begani alfajiri akienda shamba, anarudi jua limepanda, ananikuta pale pale. Alikuwa anaweka jembe ukutani kwa kishindo kidogo.

Wiki ya tatu, alasiri, tulikuwa uani tunabangua mbaazi. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza niliyoweza kuifanya. Mikono yangu ilikuwa polepole, na mama akamaliza ungo wake akaanza kuchukua kutoka wangu.

"Nataka nikuulize," alisema. "Hapo kazini ulipigwa?"

"Hapana."

"Ulitukanwa?"

"Si sana."

"Ulikuwa ukilala njaa?"

"Mama, si hivyo."

"Nakuuliza kwa sababu sielewi. Mimi nimezaa watoto saba, nimezika watatu. Baba yako alikuwa baharini au alikuwa Mombasa, mimi shamba, mimi kuni, mimi maji, mimi kuuza mahamri mpaka ukasoma. Hakuna mtu aliyeniandikia barua."

Niliona aibu, na chini ya aibu nikaona hasira, kwa sababu kila alichokisema kilikuwa kweli na mimi bado nilikuwa mgonjwa.

Aliendelea kubangua. Kisha sauti yake ikabadilika.

"Baba yako alipofariki nikakaa eda. Wajua. Miezi minne na siku kumi. Watu walikuwa wanakuja kunipa pole, wanipikia, wanitekea maji. Sitoki, siendi shamba, sipokei mgeni nisiyetaka. Nalimlilia baba yako, sikatai. Alikuwa mtu mwema. Lakini mwanangu, nililala. Nililala mchana. Nilikuwa sijalala tangu nimzae kaka yako wa kwanza. Siku zikawa zinakwisha nami nazihesabu, na nikawa naogopa. Mwanamke anaogopa eda isije ikaisha! Nikajiona mimi ni mtu mbaya sana."

"Hukuwa mbaya, mama."

"Hiyo ndiyo likizo yangu. Mpaka mtu akafa."

Hakunitazama. Akapeta mbaazi, maganda yakaruka, akainuka na ungo wake. Hatukulizungumza jambo lile tena. Ningependa kusema kwamba tulikumbatiana na kwamba toka hapo alinielewa. Hakunielewa. Alichofanya ni kuacha kulibamiza jembe ukutani, na kwangu mimi hilo lilitosha kunifanya niamke kesho yake nikaoge.

Wiki ya tano nilianza kupata nafuu. Niliijua kwa sababu nilipata hamu ya kula, na hamu yenyewe ilikuwa ya chumvi. Niliamka nikiwaza viazi karai. Nikaviwaza mpaka mate yakanitoka, vile vya rangi ya manjano, vya moto, na ukwaju na pilipili na chumvi ya kuwasha midomo. Nikamwambia mama naenda Msambweni kununua dawa yake ya macho, nikavaa buibui langu, nikapanda bodaboda kama mwizi.

Karibu na soko palikuwa na mwanamke ameketi nyuma ya karai, amenipa mgongo. Nikaagiza. Aligeuka na kijiko cha matundu mkononi, akanitazama, akasimama wima, miguu pamoja, kama tulivyowafundisha kusimama.

"Shikamoo, madam."

Nilimtambua kwa kule kusimama kabla ya kumtambua kwa uso. Alikuwa mhudumu wa vyumba kwetu, kibarua wa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Miaka miwili nyuma alifiwa na mwanawe, mtoto wa miezi minane, kwa homa ya usiku mmoja. Akaomba siku tatu, akapewa, bila malipo. Siku ya nne alirudi. Mimi nilimkuta kwenye ujia wa ghorofa ya kwanza, ameegemea kigari cha mashuka, machozi yanamtiririka na maziwa yamelowesha sare yake kifuani. Mgeni alikuwa anatoka chumbani. Nikamsogelea, nikamwambia kwa sauti ya chini, na tabasamu usoni kwa ajili ya mgeni, "Futa uso. Watu hawakulipa kuja kuona matanga."

Akafuta. Akamaliza vyumba vyake vyote siku hiyo.

Mkataba wake ulipofika mwisho niliulizwa maoni yangu, kama nilivyoulizwa kuhusu wote wanaokutana na wageni. Niliandika sentensi moja: hana uso wa kazi. Naikumbuka kwa sababu nilijivunia ufupi wake. Hakuitwa tena.

Sasa nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake, na karatasi ya viazi vya moto mapajani. Chumvi ilikuwa kama nilivyoiota. Aliniuliza habari za nyumbani, habari za hoteli, kama yule mpishi mnene bado yupo. Alikuwa mchangamfu. Nadhani uchangamfu wake ndio ulioniponza. Nilikuwa nimekaa wiki tano na mimi mwenyewe, nikiyapitia mambo yangu moja baada ya jingine, na yeye alikuwemo katika yale yaliyokuwa yananiamsha. Nikadhani Mungu amenileta pale.

Nikamwambia. Nilianza na siku ya ujia. Nikamwomba radhi kwa neno lile.

Akatikisa kichwa. "Ah, madam. Hilo mlikuwa mwatuambia sote. Mie sikuliweka moyoni."

"Nisamehe hata hivyo."

"Nimeshakusamehe. Kula, vitapoa."

Ningenyamaza hapo. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikunyamaza hapo. Lakini msamaha ule ulikuja rahisi mno, niliona kama nimepewa kitu ambacho bado sijakistahili, nikataka kukistahili. Nikamwambia kuhusu ile sentensi. Nikamwambia ni mimi.

Alikuwa anageuza viazi. Aliendelea kuvigeuza. Akavitoa kimoja kimoja, akavichuja mafuta, akaviweka kwenye sinia, na alipomaliza akasema, bila kuinua sauti, "Mie nilidhani mkataba uliisha tu."

"Najua. Ndiyo maana nimetaka..."

"Miaka miwili, madam, nilikuwa najiambia mkataba uliisha. Wangapi wameisha mikataba. Nikashukuru Mungu, nikanunua karai. Sasa waja kuniambia kwamba ni wewe, kwa sababu nililia." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema. "Hilo nilifanye n'ni?"

Nikaikunja pembe ya karatasi ya viazi.

"Wewe uko likizo?" akaniuliza.

"Naumwa kidogo. Nimepewa wiki sita."

"Kwa mshahara?"

"Kwa mshahara."

Akaitikia kwa kichwa, polepole. "Basi utakuwa umejisikia vizuri sasa, baada ya kusema. Mie ndiye nitakayelala nalo."

Wanafunzi wakaja kununua, akawageukia, akawaonyesha meno yake yote, akawauliza wanataka vingapi. Lilikuwa lile lile tabasamu nililomfundisha. Niliweka karatasi yangu chini, nikaondoka nikiviacha viazi vinne havijaguswa. Njia nzima ya kurudi Munje chumvi ilikuwa midomoni.

Ile nafuu niliyokuwa nimeipata ikaondoka. Nililala siku sita. Dawa ya macho ya mama sikuinunua, na nilipomwambia duka lilikuwa limefungwa, akanitazama, akasema, "Presha imekurudia," na nadhani siku ile kidogo aliiamini.

Wiki ya saba nilirejea kazini. Daktari alitaka kuniongezea wiki mbili nikakataa, kwa kiburi, au kwa hofu. Meza yangu ya mapokezi ilikuwa na mtu mwingine, binti niliyemfundisha mwenyewe, mwepesi na mwenye sauti nzuri. Alisimama akanipa kiti. Nikamwambia akae. Desemba ilikuwa imeisha, na kitabu cha malalamiko kilikuwa kimejazwa kwa mwandiko wake, kurasa baada ya kurasa, hakuna hata moja iliyokosa jibu. Mimi nikaambiwa nimsaidie msimamizi wa vyumba "mpaka utakapokuwa sawa kabisa." Hakuna aliyesema ni lini hiyo.

Wenzangu waliniuliza mama anaendeleaje. Nikawajibu anaendelea vizuri.

Halafu, miezi mitatu baadaye, wakubwa wa kampuni wakatangaza siku ya afya ya wafanyakazi. Meneja wa wafanyakazi aliniita tena ofisini, akaniagizia chai tena. Sasa mambo yalikuwa yamebadilika, alisema. Afya ya akili lilikuwa jambo linalozungumzwa, hoteli nyingine zinalizungumza, na kampuni ilikuwa inataka kuonyesha mfano. Je, ningeweza kusimama mbele ya wenzangu niseme machache? Tena alikuwa ameniandikia, kunirahisishia.

"Na ile karatasi niliyotia saini?" nikamwuliza.

"Ile tumeisamehe," alisema, akacheka.

Karatasi aliyonipa ilikuwa na aya tatu. Ya kwanza ilieleza jinsi nilivyougua. Ya pili ilieleza jinsi hoteli ilivyonishika mkono. Ya tatu ilikuwa shukrani. Nilikubali. Sitajipamba hapa. Nilikubali kwa sababu nilidhani nikisoma vizuri watanirudishia meza yangu.

Ukumbi wa mikutano ulijaa. Wafanyakazi wa kudumu walikuwa wamekaa kwenye viti vyenye vitambaa vyeupe, vibarua wamesimama ukutani, watu wa bustani, madobi, wahudumu wa vyumba. Mbele palikuwa na keki kubwa na mpiga picha. Nikaisoma aya ya kwanza. Msimamizi wa vyumba, yule aliyenikuta na mataulo, alikuwa anafuta macho. Nilipomaliza aya ile nilivuta pumzi, na kabla sijaanza ya pili mwanamke mmoja wa dobi akanyoosha mkono kule ukutani.

"Samahani, madam, kwa kukukatiza. Nilikuwa nauliza. Na sisi vibarua tukiugua namna hiyo, twapata hizo wiki sita?"

Meneja alisimama haraka. "Swali zuri sana. Hilo tunalifanyia kazi. Madam, endelea."

Nikaitazama karatasi. Aya ya pili ilikuwa inaanza na neno "familia." Na yule mwanamke wa dobi bado alikuwa amenyoosha mkono, ananitazama mimi, si meneja. Alikuwa ameniuliza mimi. Kazi yangu kwa miaka kumi na moja ilikuwa kujibu maswali, na sidhani kama niliwahi kulijibu hata moja.

"Hampati," nikasema kwenye kipaza sauti. "Mkiugua mnapewa siku tatu bila malipo. Mkilia, mkataba hauendelezwi. Najua kwa sababu baadhi ya maoni hayo niliyaandika mimi."

Nikashuka. Hakuna aliyepiga makofi, wala sikutarajia. Vibarua walikuwa wananitazama bila upendo wowote, na walikuwa na haki. Keki ikakatwa. Picha zikapigwa, mimi simo.

Alasiri meneja aliniita. Safari hii hapakuwa na chai.

"Umetuangusha," aliniambia.

"Niliulizwa swali."

"Tulikulipa wiki sita, ukiwa umelala. Umesahau?"

"Sijasahau hata siku moja," nikamjibu, na hilo lilikuwa kweli zaidi ya alivyoweza kujua.

Wiki iliyofuata nilihamishiwa ofisi ya nyuma, chumba kisicho na dirisha, kazi ya kupanga maombi ya vyumba yanayoingia kwa kompyuta. Wageni hawanioni. Cheo kimebaki kwenye karatasi. Vibarua bado hawapati kitu. Baada ya siku ile walipewa fomu mpya ya kutia saini inayosema wanaelewa kwamba hawapati. Yule mwanamke wa dobi aliondolewa mkataba wake ulipoisha. Safari hii sikuulizwa maoni.

Bado nameza vidonge. Siku nyingine naamka sawa, siku nyingine nakaa ukingoni mwa kitanda nikiutazama mlango wa bafu. Saa kumi kamili nazima kompyuta, hata kama kuna maombi yanayosubiri, natoka kwa lango la nyuma pamoja na watu wa jikoni, tunasimama barabarani tunangojea gari, na hatuna mengi ya kuambiana.